Dau Haliumbi Faida: Hesabu za Kubeti kwa Programu katika Akaunti Nyingi

Dau ni fedha inayowekwa juu ya tokeo ambalo bado halijatokea, na njia ya kupanga dau ni kanuni inayojibu swali moja tu: safari hii ziwekwe ngapi? Kanuni hiyo haisemi timu ipi itashinda, wala haisemi kama odi inayotolewa ni nzuri au mbaya. Hayo mawili huamuliwa kabla, na aliyekosea hapo haokolewi na dau. Jambo hili ndilo linalowapoteza wengi, mjini Kamembe wilayani Rusizi, Rwanda, kama kwingineko, kwa sababu programu zinazonadiwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram husifiwa kana kwamba kupanga dau ndiko kunakoleta ushindi.

Rusizi, wilaya ambayo watu wazima bado wanaiita Cyangugu, ina mazingira yake. Jumamosi saa kumi au saa kumi na moja jioni, mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinapoanza, mikeka inakuwa imeshawekwa tangu asubuhi, mingine dukani kwa tiketi ya karatasi, mingine kwenye simu. Kijana mmoja anaweza kuwa na akaunti katika kampuni tatu au nne, fedha zake zikipitia MTN MoMo au Airtel Money. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu, kuna kampuni nyingine, laini nyingine za simu na fedha nyingine: dola na faranga ya Kongo. Mwenye ujuzi kidogo wa kompyuta akiandika programu ya kusoma odi za kampuni zote hizo na kuweka dau bila yeye kugusa simu, swali la kiasi cha dau linakuwa zito kuliko la mtu anayejaza mkeka mmoja kwa mkono. Mtu huchoka, husita, hulala. Programu hurudia kosa lile lile usiku kucha.

Kabla ya njia yenyewe, ni lazima ijulikane mchezaji analipwa kiasi gani hasa anaposhinda. Rwanda ilitunga sheria ya michezo ya bahati nasibu na kubashiri tarehe 31 Desemba 2011, ikiwa ni Sheria namba 58, na kucheza kunaruhusiwa kwa mwenye miaka 18 au zaidi. Siku hizi usimamizi uko chini ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Kwa mwenye kupanga dau, hata hivyo, habari kubwa ni ya mwaka 2025, kodi zilipopandishwa. Kodi ya mapato ghafi ya kampuni za kamari ilitoka asilimia 13 ikafika 40, na kodi ya zuio kwenye ushindi wa mchezaji ilitoka asilimia 15 ikafika 25. Ushindi hapa ni kile kinachozidi dau. Aliyeweka faranga 1,000 kwa odi ya 3.00 anastahili 3,000. 2,000 ndizo ushindi, zinakatwa 500, naye anapokea 2,500.

Kwa hiyo odi inayoonekana kwenye simu siyo odi ambayo mchezaji wa Rusizi anachezea. Odi ya 3.00 ni 2.50 mkononi. Odi ya 2.00 ni 1.75. Odi ya 1.50 ni 1.375. Njia ya kuipata ni rahisi: toa moja kwenye odi, chukua robo tatu ya kinachobaki, kisha rudisha ile moja. Programu isiyofanya hesabu hii kabla ya jambo lolote imeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, na nyingi zinazopatikana bure kwenye intaneti ni za namna hiyo. Ziliandikwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza, ambako mchezaji halipi kodi kwenye ushindi wake.

Njia ya kwanza na iliyo nyepesi kuliko zote ni dau lisilobadilika. Mchezaji anaamua kwamba kila mechi ni faranga 500, ashinde ashindwe. Njia hii ina heshima yake. Inazuia hasira kuongoza mkono, na baada ya mechi 200 inampa mtu jibu la kweli kuhusu uwezo wake, kwa sababu kila mechi imepimwa kwa kipimo kimoja. Watafiti wanaotaka kujua kama mbinu ya kuchagua mechi inafanya kazi huanza hapa. Upungufu wake ni kwamba mtaji ukipungua dau linabaki lile lile, na 500 iliyokuwa sehemu ndogo ya 50,000 inakuwa mzigo juu ya 5,000.

Njia ya asilimia hurekebisha hilo. Dau linakuwa, tuseme, asilimia 2 ya mtaji uliopo wakati huo. Mtaji wa 100,000 unatoa dau la 2,000. Ukishuka hadi 60,000 dau ni 1,200. Kwa hesabu tupu mtaji hauishi kamwe, lakini kila kampuni ina dau la chini linalokubaliwa, na mtaji ukifika hapo mchezo umekwisha. Asilimia ndogo hurefusha safari. Haibadilishi upande unaoelekea.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa na ndiyo inayoumiza zaidi: kuongeza dau maradufu kila unaposhindwa, ili ushindi mmoja urudishe hasara zote na faida ndogo juu yake. Ilijulikana Ufaransa tangu karne ya 18 kwa jina la martingale. Ndiyo njia ambayo roboti nyingi zimejengewa ndani, na hata michezo ya ndege inayopaa kama Aviator, ya kampuni ya Spribe, ina kitufe cha kuweka dau na kujitoa bila kuguswa tena kwenye kizidishi kilichochaguliwa, jambo linalowafanya wengi waone kuwa kazi imeshakuwa rahisi.

Hesabu yake ifuatwe pole pole. Dau la kwanza ni faranga 200. Ukishindwa, 400, kisha 800, 1,600, 3,200, 6,400, 12,800, 25,600, 51,200, na la kumi ni 102,400. Anayeshindwa mara kumi mfululizo amepoteza faranga 204,600, na alikuwa akitafuta 200. Watu husema mara kumi mfululizo haiwezekani. Katika mchezo unaorudisha asilimia 97, mwenye kujitoa kwenye mara mbili hushinda mara 485 katika kila 1,000. Kwa kiwango hicho, mfululizo wa kushindwa mara kumi hutokea, kwa wastani, ndani ya mizunguko takriban 1,570. Mtu anayecheza kwa mkono dakika chache kila jioni anaweza kukaa miezi bila kuuona, akawa anawahadithia wenzake. Programu inayocheza mzunguko mmoja kila dakika hufika huko kwa saa 26. Kufikia hapo inakuwa imekusanya takriban faranga 152,000 za ushindi mdogo mdogo, halafu inapoteza 204,600 kwa dakika kumi.

Kasino ya Monte Carlo inakumbukwa kwa usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, gurudumu liliposimama kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Waliokuwa wakiongeza dau kwenye nyekundu, wakiamini zamu yake imefika, walifilisika mezani. Gurudumu halina kumbukumbu ya lililotangulia. Mechi ya leo nayo haijui kwamba mkeka wa jana ulichanika.

Sasa njia hiyo hiyo iletwe Rusizi, kwenye mechi za odi 2.00 zinazokatwa kodi ya asilimia 25. Anayeshinda mara ya kwanza na 200 anapata ushindi wa 150, si 200. Akishindwa mara moja kisha akashinda na 400, ushindi ni 300, ukitoa 200 zilizopotea zinabaki 100. Akishindwa mara mbili kisha akashinda na 800, ushindi ni 600, na zilizopotea ni 600: ametoka sifuri. Akishindwa mara tatu kisha akashinda na 1,600, ushindi ni 1,200 dhidi ya 1,400 zilizopotea. Ameshinda, na bado ana hasara ya 200. Kuanzia hapo kila hatua inaongeza shimo hata kwa anayeshinda. Kwa maneno mengine, ahadi yenyewe ya njia hii, kwamba ushindi mmoja hufuta yote, imevunjika kwa hesabu ya darasa la sita kabla bahati haijaulizwa. Anayeuza roboti ya namna hii kwa mtu wa Kamembe anauza kitu ambacho hakiwezi kufanya kile kinachoahidi.

Ndugu za martingale ni wengi. Kuna anayepanda kwa hesabu za Fibonacci, 1, 1, 2, 3, 5, 8. Kuna anayeongeza kipande kimoja akishindwa na kupunguza kimoja akishinda. Kuna anayeandika orodha ya namba na kuzifuta ukingoni. Zote hupunguza kasi ya kupanda na zote huchukulia kwamba hasara iliyopita inadai kitu kwenye mechi ijayo. Haidai.

Njia ya nne ilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, aliandika kuhusu kelele katika nyaya za simu na habari inayoweza kupita humo. Alitumia mfano wa mcheza kamari anayepokea habari za siri, si kamili, kuhusu matokeo, akauliza: aweke sehemu gani ya mtaji wake ili mtaji ukue haraka kuliko njia nyingine yoyote kwa muda mrefu? Jibu lake ni fupi. Chukua nafuu iliyomo kwenye dau, igawe kwa odi baada ya kutoa moja. Edward Thorp, mwanahisabati, aliichukua kanuni hiyo akaipeleka kwenye meza za karata, na baadaye kwenye soko la hisa.

Mfano: mchezaji anaamini kwamba Rayon Sports ina uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda mechi, na kampuni inatoa odi ya 2.20. Kwa kila faranga 100, kwa wastani zinarudi 110. Nafuu ni asilimia 10. Ikigawanywa kwa 1.20 inatoa asilimia 8.3 ya mtaji. Mwenye 100,000 anaweka takriban 8,300. Lakini je, kama makisio yake yamezidi kidogo, na uwezekano wa kweli ni asilimia 46? Basi kiasi sahihi kilikuwa asilimia 1 tu. Kukosea kwa pointi nne kumemfanya aweke zaidi ya mara nane ya alichostahili kuweka. Ndiyo maana wanaoishi kwa kazi hii huweka nusu au robo ya kiasi cha Kelly. Nusu yake hubakiza takriban robo tatu ya kasi ya ukuaji, na mitikisiko inapungua kwa nusu. Anayeweka maradufu ya kiasi hicho, kwa upande mwingine, anarudisha ukuaji kwenye sifuri hata kama makisio yake ni ya kweli. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuchagua mechi na akafilisika kwa dau.

Uzuri wa Kelly ni kwamba inajua kusema hapana. Mechi ile ile ya Rayon Sports ichezwe na mtu anayekatwa kodi Rwanda: odi ya 2.20 imekuwa 1.90, asilimia 50 ya 1.90 ni 0.95, na nafuu imekuwa hasara ya asilimia 5. Kanuni inatoa dau lililo chini ya sifuri, maana yake usiweke kitu. Ili mechi hiyo ifae kwa odi ya 2.20, uwezekano wa kweli ungepaswa kuzidi asilimia 52.6. Kwa odi ya 1.50 ungepaswa kuzidi asilimia 72.7, na kwa odi ya 5.00, asilimia 25. Mchezaji anatakiwa kuizidi kampuni maarifa kwa pengo ambalo hata mabingwa wa dunia hawalipati mara nyingi. Programu yenye Kelly iliyoandikwa kwa uaminifu, ikiwekwa Rusizi leo, ingekaa kimya wiki baada ya wiki. Ukimya huo ndio jibu lake.

Wapo wanaokimbilia mkeka mrefu, kwa hoja kwamba kodi inakatwa mara moja tu mwishoni. Hilo ni kweli, lakini faida ya kampuni haikatwi mara moja. Ikiwa kila mechi inarudisha 94 katika kila 100, mkeka wa mechi kumi unarudisha takriban 54, kabla ya kodi. Mkeka mrefu una dau dogo na ndoto kubwa, na hakuna njia ya kupanga dau inayoweza kuziba upungufu wa 46 katika 100.

Akaunti zikiwa nyingi linaingia jambo ambalo wataalamu wa vitabu hulipita haraka, ingawa ndipo programu nyingi zinapoharibikia: mtaji ni upi? Tuchukue mtu mwenye faranga 200,000 zilizogawanyika sehemu nne: 100,000 katika kampuni ya kwanza, 60,000 katika ya pili, 25,000 katika ya tatu, na 15,000 katika ya nne. Kanuni inasema aweke asilimia 3. Odi bora iko katika ile ya nne. Programu inayoangalia salio la akaunti hiyo peke yake itaweka 450. Ile inayoangalia mtaji wote itaweka 6,000. Tofauti ni zaidi ya mara kumi na tatu, na jibu sahihi ni la pili, kwa sababu mtu ni mmoja na umaskini wake ni mmoja, fedha zikae akaunti yoyote. Shida ni kwamba madau mawili ya namna hiyo yakipotea, akaunti ya nne imebaki na takriban 3,000, na odi nzuri inayofuata hapo haitachezwa.

Kwa hiyo programu inahitaji daftari moja nje ya akaunti zote. Ndani yake ziandikwe fedha zilizo huru, fedha zilizo juu ya mechi ambazo hazijaisha, na fedha zilizo njiani kati ya akaunti na MoMo. Kosa la kawaida ni kuhesabu fedha za njiani mara mbili, au kuhesabu dau lililokwisha kuwekwa kana kwamba bado lipo mfukoni. Kosa la pili ni programu kusoma kampuni nne kwa wakati mmoja, na kila sehemu yake ikaona mtaji ule ule wa 200,000 na kuuwekea asilimia 3, hivyo mechi moja ikapata madau manne. Rayon Sports kushinda katika kampuni ya kwanza na Rayon Sports kushinda katika ya pili siyo madau mawili. Ni dau moja lililokatwa vipande, na kanuni lazima ilione hivyo. Vivyo hivyo kwa mechi sita zinazochezwa wakati mmoja Jumamosi: ukiweka asilimia 8 kwa kila moja, karibu nusu ya mtaji iko nje kabla hata kipenga cha kwanza hakijaisha kupulizwa, na hakuna hasara iliyopata muda wa kupunguza dau linalofuata. Madau yanayoenda pamoja hupunguzwa yote kwa uwiano.

Mpakani kuna jambo la nyongeza. Mwenye akaunti ya faranga za Rwanda huku na ya dola kule Bukavu lazima achague fedha moja ya kuhesabia, na kuingiza bei ya kununua na ya kuuza dola kwa mvunja fedha, si bei moja ya katikati. Pengo kati ya bei hizo mbili ni gharama kila mara fedha inapovuka daraja. Na fedha iliyo upande wa pili si salama sawa na iliyo upande huu: tangu Bukavu iingie mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari 2025, na benki za mji huo kufunga milango, kila mfanyabiashara wa Rusizi anajua maana ya fedha unayoiona kwenye skrini na huwezi kuifikia. Fedha za aina hiyo hazifai kuhesabiwa kama mtaji.

Namna kodi inavyokatwa hubadilisha pia njia ya kugawa mtaji. Kenya, tangu Julai 2025, haikati tena asilimia 20 kwenye ushindi. Inatoza asilimia 5 ya fedha inayowekwa kwenye akaunti ya kubeti na asilimia 5 ya inayotolewa. Huko, kuhamisha shilingi 1,000 kutoka kampuni moja hadi nyingine kunazibakiza karibu 900. Mkenya mwenye akaunti nyingi ana sababu ya kuacha fedha zikae pale zilipo. Rwanda fedha ikihama hailipi kodi hiyo, inalipa inaposhinda. Programu ile ile, nchi mbili, na mpango wa dau tofauti kabisa.

Matumizi yanayotajwa sana ya akaunti nyingi ni kubeti pande zote mbili. Kampuni moja inatoa odi ya 2.10 kwamba mabao yatazidi 2.5, nyingine inatoa 2.10 kwamba hayatazidi. Anayeweka 10,000 kila upande ametoa 20,000, na upande wowote ukishinda anapokea 21,000. Faida ni 1,000 bila kujua lolote kuhusu mpira. Odi zisipolingana, madau hugawanywa ili malipo ya pande zote yawe sawa: odi kubwa hupewa dau dogo. Hesabu ni ya kweli, na programu ndiyo inayoifaa, kwa sababu nafasi kama hizo hudumu dakika chache. Ila katika Rwanda, 10,000 iliyoshinda kwa 2.10 ina ushindi wa 11,000, kodi ni 2,750, malipo ni 18,250. Aliyetoa 20,000 amepoteza 1,750 kwa uhakika, mechi iishe vyovyote. Kodi inahesabu tiketi iliyoshinda na haiioni ile iliyopotea katika kampuni nyingine. Ili mtu atoke sare tu, odi za pande zote mbili zingepaswa kupita 2.33, na kampuni zinazotoa asilimia 40 ya mapato yao kwa serikali zina kila sababu ya kubana odi, si kuzilegeza.

Hata mahali pasipo na kodi hiyo, programu inayoshinda hukutana na ukuta mwingine. Mwaka 2017 watafiti watatu, Lisandro Kaunitz, Shenjun Zhong na Javier Kreiner, walichapisha matokeo ya mbinu nyepesi: kulinganisha odi za kampuni nyingi, kuchukua wastani wake kama makisio ya ukweli, na kuweka dau pale kampuni moja ilipotoa odi iliyozidi wastani huo vya kutosha. Kwa dau lisilobadilika la dola 50, katika miezi mitano waliweka madau 265 na kupata faida iliyopungua kidogo dola 1,000. Kisha kampuni zikaanza kuwabana: dau walilotaka kuweka likakataliwa, wakaruhusiwa sehemu ndogo tu yake, au wakaambiwa lisubiri kukaguliwa. Mbinu haikushindwa na mpira. Ilishindwa na mwenye duka, ambaye ana haki ya kukataa mteja. Na lau wangekatwa robo ya kila ushindi, faida yote ile ingeishia kwenye kodi na kupita.

Ukuta huo ndio unaowasukuma wengine kwenye akaunti za majina ya kuazima: kitambulisho cha dada, laini ya mjomba, MoMo ya jirani. Hapa hesabu inaisha na kosa linaanza. Masharti ya kampuni huruhusu mtu mmoja akaunti moja, na mengi hukataza programu kuweka dau kwa niaba ya mtu. Salio linaweza kushikiliwa, na halina pa kudaiwa kwa sababu mwenye jina siye aliyecheza. Mwenye jina naye anabaki na kumbukumbu za miamala ambayo hakuifanya. Mama mwenye kibanda cha viazi sokoni Kamembe, aliyempa mwanawe kitambulisho kwa wema, hapaswi kuulizwa kuhusu faranga laki mbili zilizopita kwenye laini yake.

Tofauti na kampuni hizo ni masoko ya kubadilishana dau kama Betfair, lililoanza Uingereza mwaka 2000, ambako wachezaji hubeti wao kwa wao na soko huchukua kamisheni. Soko la namna hiyo hutoa mlango rasmi wa programu na halina sababu ya kumfukuza anayeshinda. Kampuni nyingi za kawaida hazina mlango huo. Programu inalazimika kusoma ukurasa kama macho ya mtu yanavyosoma, na ukurasa ukibadilishwa usiku mmoja, namba iliyokuwa odi inaweza kusomwa kama dau. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ambalo mwandishi makini huliweka si njia ya dau bali mipaka: dau la juu kwa mechi moja, hasara ya juu kwa siku moja, na kusimama mara moja salio la kampuni linapotofautiana na la daftari.

Kuhusu roboti zinazouzwa kwa faranga 10,000 au 20,000 kwa madai kwamba zinajua ndege ya Aviator itakatika wapi, habari ni fupi. Matokeo ya kila mzunguko hutengenezwa kwa namba za nasibu zilizofungwa kabla ya mzunguko kuanza, na simu ya mchezaji haina njia ya kuziona. Muuzaji angekuwa na njia hiyo asingehitaji 20,000 za mtu mwingine.

Kwa mkazi wa Rusizi, basi, mambo yamesimama hivi. Dau lisilobadilika au la asilimia ndogo hupunguza kasi ya hasara. Kuongeza maradufu huiharakisha, na kwa kodi ya sasa hakurudishi hata kilichopotea. Kelly ni kanuni ya kweli, na kwa odi zinazopatikana hapa baada ya kodi karibu kila mara inaagiza dau la sifuri. Kubeti pande zote ni hasara iliyothibitishwa. Mwenye kipaji cha kuandika programu ya kusoma bei katika kampuni nne na kuzilinganisha kwa dakika anacho kitu ambacho wavunja fedha wa mpakani na wafanyabiashara wa Kamembe na Bukavu wanakihitaji kila siku, na wako tayari kukilipia.

Na aliyekwisha kuanza, ambaye programu yake inafanya kazi usiku huu, afanye jambo moja kesho asubuhi. Achukue kumbukumbu za MoMo za miezi mitatu, ajumlishe fedha zote zilizoingia katika kampuni zote, ajumlishe zote zilizotoka, na atoe moja kwenye nyingine. Namba hiyo aionyeshe mtu wa nyumbani kwake.